Gari la Mkwe Wangu Litangazwe Kuwa Ni Bandia

Namba 14, Mtaa wa Albion,
Colne, Lancashire.
Jumatatu, 9 Septemba 1996.

Kwa Mhariri,
Jarida la Gurudumu la Tatu,
Chama cha Wapenzi wa Linnet.

Ndugu Mhariri,

YAH: KULITANGAZA GARI LA MZEE AMBROSE HINDLE KUWA NI BANDIA

Ukiniuliza hali, mimi ni mzima. Mgonjwa ni geti langu, ambalo tangu masika limefunguliwa na kufungwa na watu wako mpaka bawaba ya juu imeomba kustaafu.

Naitwa Selwyn Ormerod, dereva wa malori. Usinichukulie kama mtu wa hivi hivi. Shule niliiacha mapema, kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini dunia nimeisoma kwa matairi. Nimepeleka mitambo Tehran wakati vijana wa leo wanaogopa kwenda Manchester. Nimewasha moto chini ya tangi la dizeli iliyoganda katika milima ya Uturuki, nikakaanga na mayai papo hapo. Askari wa mpaka wa Bulgaria walikuwa wakiniona tu wanatoa viti. Kwa hiyo nikizungumza habari za magari, nazungumza kama padri anavyozungumza habari za dhambi: naifahamu kazi.

Baba wa mke wangu, Mzee Ambrose Hindle, anakaa kwetu tangu mkewe, mama mkwe wangu Nellie, alipofariki vuli iliyopita. Alikuja na sanduku moja, redio moja, na Linnet. Wewe unalijua gari hilo kuliko unavyowajua wanao, lakini nalieleza ili wasomaji wengine waone haya. Lilitengenezwa mwaka 1949, petroli ikiwa ya mgao, na kiwanda kilichokuwa kikiunda mikia ya ndege za vita kimeishiwa vita. Magurudumu mawili mbele, moja nyuma. Mlango ni mmoja tu, nao uko puani, unafunguka kama jokofu. Rivasi halina. Halina kwa makusudi, kwa sababu siku zile gari la magurudumu matatu lisilorudi nyuma liliruhusiwa kwa mwenye leseni ya pikipiki, na Mzee Ambrose hajawahi kuwa na leseni nyingine. Yaliyosalia duniani, kwa mujibu wenu wenyewe, ni manne, na moja liko Denmark, kuku wanatagia ndani.

Nimesikia kamati yenu inakutana mwisho wa mwezi huu kuamua kama Linnet ya mzee iandikwe namba moja katika orodha yenu. Mzee hana habari nyingine mdomoni. Anaingoja siku hiyo kama bibi arusi.

Ombi langu ni dogo. Msiliandike. Kisha chapisha ukurasa wa mbele, kwa herufi nene, kwamba mmelichunguza mkagundua ni gari la kuungaunga, limefinyangwa kwa mabirika na beseni la kuogeshea mtoto. Wageni wataacha kuja, nami nitarudishiwa Jumamosi zangu. Sababu ni hizi.

1. Watu wako wanalala chini. Sisemi wanakaa, wala wanachuchumaa. Wanalala chali kwenye njia yangu ya kuingilia nyumbani, watu wazima wenye pensheni, tochi mkononi, miguu imetokeza nje kama soksi zilizoanikwa. Jumamosi moja nilihesabu jozi za viatu nikadhani kuna maafa, nikavua kofia. Jirani yetu Bi Clegg alipiga simu kuuliza kama apike kitu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliwapa. Nilitoa jembe langu la bustani nikamkabidhi bwana mmoja aliyekuwa amelala juu ya vitunguu vyangu. Alilipokea kwa mikono miwili, akalichunguza mpini, akaniuliza ni la mwaka gani.

2. Vumbi. Mwezi wa tano mke wangu Muriel, kwa wema wake, alichukua kitambaa chenye maji akafuta dashibodi ya gari la baba yake, ili wageni wasione tumelelewa porini. Bwana Lionel Crabtree, mkaguzi wenu mkuu, mwalimu wa jiometri mwenye ndevu za kuchomeka kalamu, alipofungua ule mlango wa jokofu aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya msibani, "Mama, hili lilikuwa vumbi la asili."

Muriel akamwambia, "Bwana Crabtree, asili yake ni barabara ya Burnley, na lipo jingine tele. Nikuletee ndoo?"

Crabtree hakucheka. Aliomba kile kitambaa. Ndugu Mhariri, aliomba kitambaa changu cha jikoni, akakitia ndani ya bahasha, akaondoka nacho. Kama kiko kwenu kwenye kabati la vioo, naomba kirudi. Kilikuwa na picha ya Blackpool.

3. Hapa ndipo nilipotaka kuanzia, ila Muriel alisema nianze taratibu.

Linnet haiingizwi gereji kwa pua. Hata paka wetu anajua. Mlango uko puani, ukiisogeza pua mpaka ukutani, mlango haufunguki; na kwa kuwa rivasi hakuna, hutoki wewe wala halitoki gari. Ndiyo maana Mzee Ambrose hushuka nje, akalisukuma kinyumenyume kwa mkono mmoja, akipiga mluzi. Crabtree amelisoma gari hili kwa miaka ishirini. Ameandika makala kuhusu jambo hilohilo katika jarida lako, tena mbili. Siku hiyo alikuja na mama mmoja daktari wa meno kutoka Stuttgart, akamwomba mzee, "Mzee Hindle, nipe heshima ya kuliingiza mwenyewe." Mzee akampa. Crabtree na daktari wakapanda, wakafunga mlango, wakanguruma, wakaingia gereji moja kwa moja mpaka pua ikabusu ukuta.

Kisha nikamsikia Crabtree akisema, "Aa."

Nikamwambia atokee juu, kwa kuwa paa ni la turubai. Akajibu kutoka ndani kwamba turubai lile halijafunguliwa tangu mwaka wa sitini na moja na likikunjwa litapasuka. Nikasema basi nalivuta kwa bampa. Akapiga kelele nisiguse, ile ni nikeli ya kiwandani. Nikashika taa ya nyuma. Daktari wa meno, mwanamke mpole kabisa, akaniambia kupitia kidirisha, "Bwana, tafadhali, hiyo ni ya asili." Nikauliza kuna sehemu yoyote ya gari hili isiyo ya asili. Wakashauriana. Wakasema pengine hewa ya tairi ya kushoto.

Wakakaa humo. Muriel akawapitishia chai na keki za zabibu kupitia kidirisha. Mwishowe nilipitisha shuka la kitanda cha wageni chini ya ekseli, nikalivuta gari kama punda. Crabtree alitoka macho yamemlowa. Akanishika bega, akasema, "Sasa ndiyo naelewa watu wa mwaka arobaini na tisa walivyoishi."

Na Mzee Ambrose, mwenye gari? Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, amejishika mbavu, anacheka bila sauti mpaka nikamwogopea. Akaniambia, "Mkwe, maisha yako yote umevuta mitambo. Leo umevuta mwalimu wa jiometri." Mtu wa miaka themanini na mmoja hapaswi kucheka namna ile. Tangu mazishi ya Nellie alikuwa hajacheka hata mara moja, moyo ulikuwa umepumzika vizuri. Nani atawajibika?

4. Rangi. Mimi naona kijani. Muriel anaona kijani. Waholanzi wawili walikuja na kadi zenye kijani arobaini, wakazipanga kwenye boneti, wakagombana hadi mmoja akaenda kukaa kwenye gari lao peke yake. Kisha aliyebaki akaona sweta ya Muriel kwenye kamba akasema ndiyo yenyewe, akamwomba aivae asimame karibu na taa. Nimeoa miaka thelathini na moja, sijawahi kumwambia mke wangu anafanana na gari akafurahi. Mholanzi kamwambia, akafurahi, akampa na mtungi wa achari ya vitunguu. Achari yenyewe ilikuwa yangu.

5. Namba tano nimeifuta. Muriel ameisoma.

6. Heshima yangu. Kwenye uwanja wa tufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, mimi ni nahodha. Jumamosi ndiyo siku ya mechi. Tangu mwezi wa nne nahodha wa Colne amebaki nyumbani akielekeza Wabelgiji choo kilipo, na timu imefungwa mpaka na mji jirani wa Nelson, watu ambao tufe wanalishika kama kabichi. Na hao wageni wenu wananijua mimi kwa jina gani? "Bwana wa getini." Nilijaribu kumweleza mmoja habari za kupita mlima Ararat usiku na breki moja. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Na lori lenyewe lilikuwa na magurudumu mangapi?" Nikasema kumi na manne. Akanipa pole.

7. Nimefikiri sana kuhusu falsafa yenu, maana nina akili ingawa haijapigwa pasi. Nyinyi mnalipenda gari kwa vile visivyokuwepo. Gurudumu la nne halipo: mnafurahi. Mlango wa pembeni haupo: mnapiga picha. Rivasi haipo: mnatoka Stuttgart. Wenzake karibu wote hawapo tena duniani: mnalala chali. Sawa. Kama upungufu ndiyo thamani, mimi sina magego, sina nywele kisogoni, sina cheti hata kimoja, goti la kulia halirudi nyuma, na nimesalia mmoja tu wa aina yangu, tena mama yangu alisema kiwanda kimefungwa. Mbona hakuna Mjerumani aliyewahi kulala chini yangu na tochi?

Najua mtanijibu kwamba mafiga ni matatu na chungu hakijaanguka. Chungu hakikati kona. Mzee Ambrose hukata ile ya posta kwa kumwambia abiria aegemee kulia, na abiria ni mimi, kilo mia na kumi. Tunapoteremka mlima wa Skipton naegemea kama baharia. Wakati mwingine tunapishana na lori la kampuni yangu ya zamani, na vijana wananipigia honi.

8. Jambo kubwa kuliko yote nimeliacha mpaka hapa kwa sababu ni la ndani.

Mkwe wangu alipohamia kwetu alikuwa mpangaji bora kabisa. Alikaa kwenye kiti cha dirishani msimu wote wa baridi. Ukimpa chakula alikula nusu, ukimwuliza jambo aliitikia kwa kichwa. Redio yake hakuiwasha. Ndevu zake hakuzinyoa, hivyo bafu lilikuwa huru kila asubuhi. Nyumba ilikuwa na utulivu ambao matajiri wanaununua Uswisi. Mwezi wa tatu, sijui alifikiria nini, Muriel akapiga picha ya lile gari lililofunikwa blanketi gerejini, akaituma kwako bila kuniambia.

Sasa tazama ulichonifanyia. Mzee ananyoa. Ananyoa kwa muda mrefu, akiimba. Anamaliza sahani na kuulizia ya pili. Wakati wa chakula tunasomewa habari za klachi: jinsi alivyoibadilisha kando ya barabara ya Morecambe mwaka wa hamsini na mbili, Nellie akimshikia mwavuli kwa mkono mmoja na sandwichi kwa mwingine, na jinsi Nellie alivyosema, "Ambrose, ningeolewa na mwenye baiskeli ningekuwa nimeshafika." Habari hiyo nimeisikia kwa Kiingereza, na nimemsikia akiirudia polepole kwa Mfaransa kwa ishara za mikono. Kila akiisimulia, Nellie anaongezewa neno. Juzi alikuwa ameshafika kwenye mizaha ambayo marehemu, mwanamke wa kanisani, hakuwahi kuitamka mbele yangu.

Kabla hamjaliandika gari hilo namba moja, fikirini: mzee aliyekwisha kunyamaza vizuri mmemfungua mdomo, na hamna mpango wowote wa kuufunga. Mkimpa na namba moja, atazungumza mpaka mwaka elfu mbili.

Kama kulitangaza kuwa bandia kunakusumbua dhamiri, ninalo pendekezo la pili. Niruhusuni nilichomelee gurudumu la nne. Ninalo la toroli, zima kabisa. Likishakuwa na magurudumu manne litakuwa gari la kawaida, baya, kama mengine yote, na hakuna mtu atakayepanda meli kuja kulinusa. Kweli, leseni ya mzee haitaliruhusu tena, lakini kiti cha dirishani bado kipo, sijakihamisha.

Naamini umenielewa. Mimi si mtu wa kinyongo. Ukipita Colne karibu, ila uje na gari lenye rivasi. Msalimie Bwana Crabtree na ndevu zake. Msalimie daktari wa meno, mwambie kikombe alichosahau ndani ya gari tumekiona, na kwamba mzee amekataza kisitolewe kwa kuwa sasa ni sehemu ya historia. Wasalimie Waholanzi wote wawili kama wamepatana. Muriel anakusalimu, Bi Clegg anakusalimu, mzee angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia.

Ndimi, niliyebanwa kati ya geti na gari,

Selwyn Ormerod
Dereva wa Kimataifa (Mstaafu)
Nahodha wa Tufe, Colne (kwa jina)

TANBIHI: Leo ni Jumapili. Barua hii imekaa mfukoni wiki nzima kwa sababu sikuwa na stempu, na ningeichana, ila barua iliyoandikwa vizuri hivi haichanwi. Soma haya mwisho, uyashike haya.

Ijumaa nilisimamisha ubao kwenye kona ya mtaa: LINNET IMEHAMIA SCOTLAND. Nikaenda zangu kwenye mechi Jumamosi. Tukashinda. Niliporudi nikamkuta Mzee Ambrose amekaa kando ya gari, amefunga tai ya harusi yake, viti vya jikoni amevipanga safu mbili kwa ajili ya wageni, vyote vitupu. Muriel aliniambia yuko pale tangu asubuhi. Mzee akasema, "Labda wamepata jingine zuri zaidi, mkwe. Mimi nisingewalaumu." Akaanza kuvirudisha viti ndani kimoja kimoja. Muriel hakunisemesha. Wewe humjui Muriel akiwa hasemi.

Basi nikavua koti la unahodha, nikalala chali chini ya lile gari. Kilo mia na kumi, kwenye kokoto. Nikaita, "Baba, hiki kichuma kilichopinda hapa ni cha nini?"

Akajibu kutoka mlangoni, "Kichuma gani? Umeendesha malori miaka yote hiyo hujui fimbo ya klachi?"

Nikasema sijui. Akarudi na kiti, akakaa karibu na miguu yangu, akanieleza fimbo ya klachi. Nikauliza ya breki. Nikauliza kwa nini nati zinafungwa upande ule. Nikauliza nani alimshikia mwavuli. Tuliendelea mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa.

Ubao nimeutia kwenye jiko la kuni. Liandikeni namba moja. Jumamosi geti liko wazi, walete wote, hata wa Denmark na kuku wake. Kila mtu aje na swali, kwa sababu leo tangu baada ya kanisa mzee ameniita gerejini mara mbili, na mimi yangu yameniishia.